Fimbo Iliyoshika Mgomba

Fimbo ilikuwa fupi. Naanza na neno hilo kwa sababu siku zote za matanga nililizunguka. Kila aliyekuja kunipa pole aliuliza kama tulipima, nami nikamjibu, "Tulipima." Halikuwa neno la uongo. Ila lilikuwa na shimo ndani yake, na bwana yangu alikuwa amelala humo.

Tulikaa magharibi ya Goma, mbali na barabara ya Sake, mahali ambapo volkano ilimwaga mawe meusi zamani sana, kabla ya mtu yeyote ninayemjua kuzaliwa. Nyumba zilikuwa chache. Wengi walikimbia vita, wakaahidi kurudi, na mashamba yao yakafunikwa na majani mpaka usijue tena mpaka ulipita wapi. Ukisimama mlangoni kwetu uliona moshi wa jirani mmoja tu, muzee mfuga mbuzi, na ukienda kuomba moto kwake, moto wenyewe ulizimika njiani kabla hujafika nyumbani.

Sisi hatukukimbia. Tulipanda maharagwe na viazi vitamu katikati ya mawe, penye udongo wa kutosha kuzika mkono, na tulichoma makala, yaani makaa ya kupikia. Mdogo wa bwana yangu, shemeji yangu, aliyapakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, akaisukuma na kuiendesha mpaka Mabanga, mtaa wa Goma mjini, ambako watu hawajui kuni na wanapika kwa makala kila siku ya Mungu.

Kuni tulikuwa nazo. Baba mkwe wangu alipanda mikaratusi kabla hajafa. Kilichokosekana ni udongo. Anayechoma makala hupanga magogo, huyafunika kwa majani, halafu huyafunika tena kwa udongo, ili moto usipate upepo mwingi na kuyala yote yakawa majivu. Juu ya mawe yale udongo haukuwepo. Mvua iliuchukua wote ikaupeleka chini, kwenye mashimo mapana ambamo mawe yalibomoka. Basi tanuri letu lilikuwa shimoni, kama matanuri ya wote waliotutangulia. Na shimoni ndiko mazuku inakokaa.

Mazuku ni upepo mbaya unaotoka ardhini. Hauna rangi, na kwetu haukuwa na harufu. Ni mzito, unatulia mahali pa chini kama maji yanavyotulia kwenye beseni. Asubuhi isiyo na upepo unajaa. Jua likipanda na miti ikianza kutikisika, unaondoka. Mtu mrefu anaweza kuupita akiongea habari zake, na mbwa anayemfuata nyuma akafa. Unaujua kwa panzi waliolala chali, au kwa majani mabichi mno ambayo hakuna mbuzi aliyeyagusa. Wakati mwingine huoni dalili yoyote.

Mama mkwe wangu alinifundisha kupima wiki ile ile niliyofika kwake kama bibi harusi. Alichukua fimbo ya mwanzi, ndefu kuliko watu wawili, iliyopasuliwa ncha. Kwenye ule mpasuko alibana kaa la moto. Tukashuka mpaka kwenye jabali bapa lililo juu ya sakafu ya shimo, ambako kila mpimaji alisimama, akaishusha fimbo mpaka kaa likagusa udongo. Halafu akasali Salamu Maria moja, polepole, kama mtu anayehesabu mbegu. Kaa likibaki jekundu, mtu anashuka. Likiwa jeusi, watu wanarudi kupalilia maharagwe mpaka jua lipande.

"Mama, si usali haraka kidogo?" nilimwambia siku ile. Nilikuwa mgeni, sikujua mambo.

"Mazuku haina haraka," alinijibu. "Ni weye ndiye uko na haraka?"

Kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, anayeshuka hapimi. "Mutu wa kushuka kazi yake iko mu kichwa," alisema. "Macho yake itaona moto hata mu majivu." Kwa hiyo mwanaume akishuka, mkewe alipima, au mama yake, na neno la anayepima ndilo lililomshusha au kumzuia. Sheria ya pili, mtu akianguka chini, hakuna kumfuata. "Mazuku inachukuaka wawili. Wa kwanza kwa kosa, wa pili kwa mapendo."

Nilipima miaka sita. Nilizoea. Fimbo ilikaa chini ya paa la jikoni, nyeusi kwa moshi, na hakuna aliyeipa kazi nyingine.

Kisha mvua za mwaka ule zikaja na upepo mkali wa jioni, na mgomba wetu mkubwa nyuma ya jiko, uliokuwa umebeba mkungu mzito kuliko yote niliyowahi kuivuna, ukaanza kuinama. Niliuona unaning'inia juu ya mawe. Nilitafuta nguzo, sikupata ya urefu ule. Nikaingia jikoni nikachukua fimbo ya mama mkwe. Ule mdomo wake uliopasuliwa ulishika shingo ya mgomba kama umetengenezewa kazi hiyo.

Bwana yangu alikuja akasimama, mikono kiunoni.

"Fimbo ya mama umeipa mugomba?"

"Siku mbili tu. Nitakata nguzo ingine."

"Mama akiona, atakubana weye ku mudomo wa fimbo, akupime mu shimo."

Tulicheka wote wawili. Nilicheka sana. Ninakumbuka nilifuta machozi kwa pembe ya kitenge.

Siku mbili zikawa tano. Sikukata nguzo nyingine. Siku tatu za kwanza hatukushuka, kwa sababu tanuri lilikuwa limewashwa na kufunikwa, moshi ulitoka vizuri, na kazi ilikuwa kulitazama tu kutoka juu. Jioni ya nne, upepo ulivyokuwa ukivuma, bwana yangu alishuka mara moja kuziba ufa, akazika viazi vitamu kwenye udongo wa moto pembeni ya tanuri viive taratibu mpaka asubuhi. Siku hiyo alipima mama mkwe. Hapana, siyo kweli. Siku hiyo hakupima mtu. Upepo ulikuwa mwingi, tukaona haina haja, na mama mkwe alikuwa kanisani. Nimeandika kwanza kwamba alipima yeye kwa sababu hivyo ndivyo nilivyotaka iwe.

Asubuhi ya tano ilikuwa na ukungu. Hakuna jani lililotikisika. Moshi wa jiko letu ulipanda wima, halafu ukasimama pale juu kama umepoteza njia. Mama mkwe alikuwa ameenda mapema kuchimba viazi shamba la juu. Muzee jirani alipita na mbuzi wake, na badala ya kufuata njia ya chini, alikuwa anazunguka mbali kwenye mawe.

"Muzee, njia imehama?" bwana yangu alimpigia kelele.

"Mbuzi wamekataa kupita huko chini leo. Mungoje jua, mutoto yangu."

"Mbuzi wako wanakataa hata kuoga."

"Hawaogi, ni kweli," muzee alijibu bila kugeuka. "Lakini hawajakufa mu shimo."

Bwana yangu alikuwa bado anacheka tulipofika ukingoni. Hapo kicheko kikakatika. Moshi wa tanuri, uliokuwa mnene jana, ulikuwa umebaki uzi mwembamba. Alisema mvua ya usiku imeleta tope, matundu ya chini ya kuingizia hewa yameziba, moto unakufa. Moto ukifa siku ya tano hupati makala, unapata magogo yaliyoungua nusu ambayo hayafai kuuzwa wala kupikia, na miti ile baba yake aliipanda kwa mikono. Nilikubali. Mimi pia niliona tope.

Sasa najua moshi ulipungua kwa nini. Mazuku ilikuwa imepanda mpaka kwenye matundu ya tanuri. Moto ulikuwa unakosa hewa. Tanuri lenyewe lilikuwa limejipima, likatuonyesha, na sisi watu wa makala tulisoma jambo la makala.

"Pima haraka nishuke," aliniambia.

Nilirudi mbio mpaka nyuma ya jiko. Niliweka mkono juu ya fimbo. Mgomba wote ulikuwa umeegemea pale, mkungu ulikuwa umebakiza kama wiki moja, na nikaona kwamba nikiitoa fimbo ndizi zitaanguka kwenye mawe zikiwa mbichi. Nilisimama hapo. Si muda mrefu, kama wa kufunga kitenge. Kisha nikang'oa mti mmoja wa uzio, nikaupasua ncha kwa panga, nikachukua kaa jikoni.

Nilisimama juu ya jabali nikaushusha. Haukufika. Kaa lilining'inia juu ya majani, na kati ya kaa na ardhi kulikuwa na nafasi inayofika goti la mtu, au zaidi kidogo. Niliiona nafasi hiyo. Nataka ijulikane kwamba niliiona. Nilisali Salamu Maria haraka. Kaa lilibaki jekundu.

"Iko muzuri," nikasema. "Shuka."

Alishuka na beleshi. Akafungua tundu la kwanza akiwa amesimama wima, kwa ncha ya beleshi, akavuta udongo pembeni. Akafungua la pili. Alikuwa anaongea wakati wote, na sauti yake ilikuwa sauti yake ya kila siku.

"Haitaki kupumua, hii," alisema. "Imenuna kama weye siku ya soko." Halafu akaangalia mahali alipozika viazi. "Nikuletee vyako?"

"Leta," nilimjibu.

Akainama. Niliona mgongo wake, na shati ambalo nililishona begani. Niliona mkono unafukua udongo. Kisha magoti yakakunjika, bila kishindo, kama mtu aliyeamua kukaa chini kula hapo hapo. Nilimwita. Nikadhani ananitania, kwa sababu alikuwa mtu wa utani. Nilimwita tena, nikamwambia aache ujinga. Panzi mmoja alikuwa amelala chali karibu na kisigino chake, na hapo nikaelewa.

Sijui nililia kwa sauti gani. Mama mkwe aliisikia mpaka shamba la juu. Mimi nilikuwa nimeshateremsha mguu mmoja kutoka jabalini aliponishika. Alishika kitenge changu kiunoni kwa mikono miwili, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, tukaanguka pamoja juu ya mawe. Nilimpiga. Nilimuuma mkono. Yeye ndiye aliyemzaa yule aliyelala chini, alikuwa anamwona kama mimi nilivyomwona, na hakuniachia.

"Mutoto wako iko kule!" nilimpigia kelele. "Mama, mutoto wako!"

"Namuona," alisema. "Kaa."

Muzee jirani alikuja na kamba ya mbuzi. Aliirusha mara tatu, lakini kamba haishiki mtu asiyeweza kuinua mkono. Mama mkwe akauliza, "Fimbo iko wapi?" Nikainua kidole kuonyesha upande wa jiko. Alimwambia muzee, "Mushike huyu," akaenda. Tulisikia mkungu ukianguka. Ni sauti nzito, ya mara moja. Akarudi na fimbo ndefu na kaa jipya, akasimama juu ya jabali nilipokuwa nimesimama mimi, akaishusha. Kaa lilipita jekundu mpaka usawa wa paja. Lilipofika goti likawa jeusi, kama mtu amefumba jicho.

Aliitazama ile fimbo. Akautazama mti wangu wa uzio uliokuwa bado pale juu ya jabali, na kaa lake halijazimika vizuri. Tulikaa ukingoni watu watatu mpaka jua likafika juu ya mikaratusi na majani yakaanza kugeuka. Ndipo muzee akashuka akamtoa. Kiazi kilikuwa mkononi mwa bwana yangu, na kilikuwa bado cha moto.

Matanga yalifanywa kwetu. Watu walitoka Sake, wengine Goma, ndugu wa upande wa mama walitoka mpaka Rutshuru. Katekista alikaa karibu nami kwenye mkeka akaniuliza kwa upole, "Mulipima, mama?" Nikasema, "Tulipima." Mama mkwe alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hatua mbili kutoka pale. Mikono yake haikusimama. Katekista akasema basi ni Mungu mwenyewe, na watu wakaitikia, na mimi nikainamisha kichwa. Zile ndizi mbichi zilizoanguka, walizipika. Watu walizila kwenye matanga. Nilipewa sahani, nikala.

Kila siku nilingoja mama mkwe aniulize. Alinipa maji, alinisuka nywele zilizokuwa zimechafuka, aliniambia nilale upande wa ukuta penye joto. Hakuuliza. Nilianza kumwogopa kuliko nilivyoogopa shimo. Nilipomwona anaongea na muzee kwa sauti ya chini nilijua wanalisema jambo hilo, na kumbe walikuwa wanasema habari za mbuzi.

Tanuri lilikuwa bado kule chini. Baada ya bwana yangu kutolewa, upepo ulipoingia, moto ulifufuka wenyewe, na moshi ukapanda siku zote za matanga, mnene na mweupe, halafu wa samawati, kama hakuna kilichotokea. Rangi hiyo ikiisha, makala yameiva. Yaliiva. Baada ya kupoa, mtu alipaswa kushuka kuyafukua.

Shemeji alikuja na chukudu na magunia. Alikuwa hajanyoa tangu mazishi. Alifunga kamba kiunoni, akachukua beleshi la kaka yake. Mama mkwe akatoka jikoni na fimbo ndefu, na kaa likiwa tayari kwenye mdomo wake. Nilidhani anaenda kupima mwenyewe. Akasimama mbele yangu akaninyooshea.

"Pima."

"Mama, mimi hapana."

"Pima. Ni shemeji yako anashuka."

"Tufanye haraka, bana," shemeji alisema. "Ukungu utanikuta ku barabara. Huyu mumuache, bado analia. Kwanza mimi sioni mazuku yoyote."

Nilishika fimbo. Cheche zikadondoka kwenye mguu wangu. Na hapo neno lile likatoka. Sikulitafuta. Nilisema mbele ya shemeji na mbele ya muzee aliyekuja kusaidia, kwa sauti ambayo hata mbuzi wangesikia:

"Ile siku fimbo ilikuwa fupi. Hii ilikuwa ku mugomba. Nilipima kwa mti wa uzio, haukufika chini, nikaona haufiki, nikamuambia ashuke."

Shemeji aliacha beleshi likaanguka. Muzee alitazama mawe.

"Najua," mama mkwe alisema. "Ni mimi niliitoa ku mugomba. Mukungu uliniangukia huku." Aliinua pindo la kitenge akaonyesha mguu. Ulikuwa bado umevimba, mweusi juu ya kisigino. Siku zote zile alikuwa anachechemea, na mimi nilikuwa nimesema moyoni kwamba ni uzee.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme nini? Mudomo ni wako."

"Na sasa unamupa yeye fimbo?" shemeji alisema, na sauti yake ilikuwa ya kulia. "Anishushe na mimi?"

"Nani mwengine ataogopa kama yeye?" mama mkwe alimjibu. "Mimi niko muzee, macho imechoka. Weye uko na haraka. Huyu ndiye atasali Salamu Maria mpaka mwisho."

Hakunisamehe. Sitaki mtu asome hivyo. Mpaka leo, ninapokaa Mabanga na yeye anakaa kule kule juu ya mawe, hajawahi kuniambia neno hilo, na mimi sijaliomba. Nikimpelekea sambaza kavu, vile visamaki vya ziwa, kutoka soko la Kituku anapokea, anauliza kama zilianikwa vizuri, na tunaongea habari za maharagwe.

Lakini siku ile nilisimama juu ya jabali. Hewa ilikuwa imetulia, ingawa jua lilikuwa limeshaonekana. Niliishusha fimbo mpaka nikasikia kwa mikono yangu kwamba imegusa udongo. Nikainama kuhakikisha kwa macho. Imegusa. Nikasali polepole. Nilipofika katikati, kaa lilianza kufifia pembeni. Nilipofika amina lilikuwa jeusi.

"Bado," nikasema.

"Shemeji, jua hili hapa," alisema. Alisema kwa unyonge, lakini alisema. "Tutangoja mpaka saa ngapi?"

"Bado. Kaa chini."

Akamwangalia mama yake. Mama yake alikuwa ameshakaa, amenyoosha ule mguu mbovu juu ya jiwe. Naye akakaa, beleshi la kaka yake magotini. Nikaivuta fimbo juu, nikaliondoa kaa lililokufa, nikaenda jikoni kutafuta jingine.